Seyyid Said alikuwa wa soko huria kabla ya Waingereza wenyewe. Nibisheni

#1 Mtepe

Wakuu, salaam.

Mjadala huu ulianzia kwenye kundi letu la WhatsApp, msimamizi akalifunga baada ya matusi. Nauleta huku kwa watu wazima.

Shuleni tulifundishwa hivi: kwanza palikuwa na merkantilizimu, karne ya 16 hadi ya 18. Serikali za Ulaya zinakusanya dhahabu na fedha, zinazuia bidhaa za nje, zinayapa makampuni yao ukiritimba. Halafu mwaka 1776 akaja Adam Smith, mwanauchumi wa Scotland, na kitabu chake, watu wakafunguka macho, ukaanza ubepari wa soko huria. Sisi Waafrika kwenye hadithi hiyo tumekaa pembeni tunasubiri kuuzwa.

Sasa tazameni tarehe. Septemba 1833 Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, anatia saini mkataba na Marekani: meli yao ikishusha mzigo inalipa asilimia 5, basi. Mwaka 1839 Waingereza wanapata wa kwao, 1844 Wafaransa. Hakuna ushuru wa kulinda kiwanda cha mtu, hakuna kulazimisha mzigo upande jahazi la Sultani. Uingereza ya wakati huohuo bado ina sheria za kuzuia nafaka za nje (zilifutwa 1846) na zile za tangu 1651 za kulazimisha mizigo ibebwe na meli zao (zilifutwa 1849).

Nani alikuwa huria hapo? Mwanafunzi wa Smith alikuwa Unguja, London walikuwa bado wanasomea.

#2 Kahawa Tungu

Navuta kiti. Waje wenye vyeti.

#3 Nyumbu Mpole

Mtepe, msimamizi alifunga kundi au alikutoa wewe? Tuanzie hapo kwanza.

#4 Lete Ushahidi

Asilimia 5 ni kweli. Ila umesoma nusu ya mikataba, mkuu.

Ule wa Waingereza wa 1839 una kifungu ambacho Sultani alikichomeka makusudi: pembe za ndovu na sandarusi (utomvu mgumu wa mti) za pwani ya Mrima, kuanzia maeneo ya Tanga kushuka hadi Kilwa, haziguswi na mgeni. Mzungu akitaka pembe aende Unguja akanunue kwa wafanyabiashara wa Unguja. Hayo ndiyo mali yenyewe. Karanga na ngozi mtu hapiganii.

Kwa hiyo palipokuwa na faida ndogo aliweka uhuria, palipokuwa na faida kubwa aliweka ukiritimba. Colbert, yule waziri wa fedha wa Louis XIV, angempa mkono.

#5 Mtepe

Kila nchi ina mali yake ambayo haichezewi. Marekani ya leo inauza kila kitu kwa kila mtu? Kifungu kimoja hakigeuzi mfumo mzima.

#6 Lete Ushahidi

Kifungu kimoja kilichobeba biashara nzima ya bara. Haya.

#7 Msomi wa Jioni

Wadau, naona mnapima kwa ukubwa wa ushuru. Hicho si kipimo. Nchi inaweza kuwa na ushuru mkubwa na bado iwe ya soko, na nchi inaweza kuwa na ushuru mdogo na isiwe.

Tofauti ni jibu la swali moja: utajiri ni nini?

Thomas Mun alikuwa mkurugenzi wa Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India. Kitabu chake kilichapwa 1664, yeye akiwa ameshafariki. Kanuni yake ni kwamba kila mwaka tuwauzie wageni mali ya thamani kubwa kuliko tunayonunua kwao, ile tofauti ije kwa dhahabu na fedha. Ukifikiri hivyo, biashara inakuwa vita. Dhahabu ya dunia ni ileile, jirani akiongeza mimi nimepungukiwa. Ndiyo maana ukiritimba, ndiyo maana makoloni, ndiyo maana manowari zinasindikiza meli za biashara.

David Hume, mwanafalsafa wa Scotland, akaitoboa hoja hiyo mwaka 1752. Ukirundika dhahabu nchini bei zinapanda, bidhaa zako zinakuwa ghali kuliko za jirani, watu wanaanza kununua kwa jirani, dhahabu inatoka tena. Hispania waliyaishi hayo kabla Hume hajaandika. Madini ya fedha ya Potosí, kwenye koloni lao la Amerika ya Kusini, yalianza kuchimbwa 1545, yakamiminika, bei zikapanda, na mfalme akashindwa kulipa madeni yake 1557, 1575 na 1596. Wamelalia fedha na wamefilisika.

Smith alisema utajiri wa taifa ni vile watu wake wanavyozalisha na kutumia, si kilichofungiwa hazina. Mwanauchumi David Ricardo mwaka 1817 akaongeza kwamba hata kama Ureno inaweza kutengeneza nguo na mvinyo kwa nguvukazi ndogo kuliko Uingereza, wote wawili bado wananufaika kila mmoja akishika kile anachokiweza zaidi. Hapo biashara imeacha kuwa vita.

Kwa kipimo hicho Seyyid Said hayuko kokote kati ya hizo mbili. Alikuwa mwenye bandari. Anakula kwenye mzigo unaopita.

#8 Nyumbu Mpole

Kwa hiyo mke wangu anayeficha hela kwenye kopo la unga ni mmerkantili?

#9 Msomi wa Jioni

Akikukataza na chipsi za nje, ndiyo.

#10 Karafuu Kavu

Assalaam alaykum. Mie wa Pemba, mnanichokoza na mada hii.

Msomi #7 maelezo mazuri lakini hiyo dhahabu unaipa uzito usiokuwa wake. Ugomvi mkubwa wa Smith haukuwa juu ya sanduku la dhahabu. Ulikuwa juu ya nani karuhusiwa kununua na nani kakatazwa. Wafanyabiashara wanakwenda kwa mkubwa, wanapata karatasi ya kuwa wao tu ndo wanunuzi, halafu wanatuambia ni kwa manufaa ya taifa.

Sie karafuu zetu mnunuzi kwa sheria ni mmoja, shirika la serikali. Sisemi zuri sisemi baya. Zikaja zama bei ya Mombasa iko juu kuliko ya hapa, basi usiku magunia yanatoka mafichoni yanavuka kwenda Shimoni. Mjomba wangu alikuwa na ngarawa na alikuwa hodari wa kusoma upepo. Kwa sheria ya nchi yule mhujumu uchumi, akikamatwa anafungwa. Kwa kitabu cha Smith yule ndo soko lenyewe linatembea juu ya maji. Nambieni nyinyi mliosoma, mjomba alikuwa nani?

Na jengine, Mtepe. Hizo karafuu za Seyyid Said alikuwa akizichuma nani? Watumwa. Mnada wa watu pale Mkunazini haukufungwa mpaka 1873. Unaniambia soko huria, na bidhaa mojawapo ni mtu? Huria kwa nani?

#11 Kahawa Tungu

#10 amemaliza. Fungeni.

#12 Mtepe

Haijafungwa. Karafuu Kavu, suala la utumwa nakubaliana nawe kwa uzito wake, lakini halitofautishi. Pamba iliyofumwa kwenye viwanda vya Massachusetts na kuletwa hapa kama merikani ililimwa na watumwa wa Marekani ya kusini. Kama utumwa unamtoa Said kwenye soko huria, basi unawatoa na wao, na viwanda vya pamba vya Manchester pia.

#13 Karafuu Kavu

Watoke wote. Mie nimewazuia?

#14 Ughaibuni Maskati

Salaam kutoka Maskati. Kuna jambo hamjaligusa. Sultani hakuwa na idara ya forodha. Aliikodisha. Aliyekuwa akikusanya ile asilimia 5 ni Jairam Shivji, tajiri wa Kibohora. Anamlipa Sultani kiasi kilichokubaliwa kwa mwaka, kinachozidi chake. Na huyo huyo mkusanya ushuru ni mfanyabiashara, anakopesha misafara ya bara, anakopesha hata nyumba ya Sultani.

Alipofika balozi wa Marekani, Richard Waters, mwaka 1837, wale wawili wakaelewana. Mzigo wa Mmarekani unapita kwa Jairam, meli nyingine zinangoja. Wafanyabiashara wengine wakalalamika sana. Sasa mkataba umesema bandari iko wazi kwa wote, lakini mwenye ufunguo ni mtu mmoja na ana rafiki yake. Mimi hiyo siiiti huria wala merkantilizimu. Hiyo ni kujuana.

#15 Lete Ushahidi

Jairam hakuwa Mbohora, Ughaibuni. Mabohora ni Waislamu wa Kishia. Yeye alikuwa Mhindu wa jamii ya Bhatia kutoka Kutch. Mengine sawa.

Na niongeze kwa Mtepe maana namwona kanyamaza: Profesa Abdul Sheriff alionyesha kwamba katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 bei ya pembe ilikuwa inapanda huku bei ya kitambaa cha viwandani ikishuka. Unguja ilitajirika katikati ya mikasi hiyo. Ungekuwa na bahati hiyo nawe ungefungua bandari kwa asilimia 5 na kujiita mwanauchumi.

#16 Ughaibuni Maskati

Mbohora, Mbhatia, fedha zilikwenda mfukoni mulemule.

#17 Mzee wa Newala

Wanangu hamjambo. Nimefuatilia tangu mwanzo. Nami niseme la korosho, maana huyu bwana wa Pemba ameniamsha.

Tangu msimu wa 2007 huku kwetu tunauza kwa stakabadhi ghalani. Unapeleka korosho AMCOS, yaani chama chetu cha ushirika, zinapimwa, zinaingia ghala kuu, halafu mnada, wanunuzi wanaandika bei. Kuuza nje ya utaratibu huo ni kosa, na wanaokuja kununua kwa siri kijijini wanaitwa kangomba.

Mwanangu aliyesoma chuo ananiambia, baba, kangomba ndiyo soko huria, anakuja mwenyewe, analipa taslimu, serikali haimo. Nikamwambia kaa chini. Mwaka mmoja nilimuuzia kangomba kabla ya mavuno kwa sababu ya ada ya shule. Yule bwana alikuwa peke yake barazani kwangu, anajua nina shida, anajua sina pa kwenda. Bei alitaja yeye. Pale mnadani, ambapo serikali imenilazimisha niende, wanunuzi ni wengi na hawanioni uso.

Sasa huyo Smith wenu alisifia nini, serikali kutokuwapo au wanunuzi kuwa wengi? Kwa sababu huku kwetu hivyo vitu viwili haviendi pamoja.

#18 Msomi wa Jioni

Mzee shikamoo. Swali lako nitalipeleka darasani.

#19 Nyumbu Mpole

Shikamoo mzee. Msomi amekimbilia darasani.

#20 Lete Ushahidi

Shikamoo mzee. Ila tukumbuke na Novemba 2018. Wanunuzi walileta bei ya chini mnadani, wakulima wakagoma kuuza, Rais Magufuli akaamuru serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaenda kuzibeba. Hapo mnada wenyewe uliwekwa kando. Mnunuzi akawa mmoja tena, safari hii ana magwanda.

#21 Mzee wa Newala

Marahaba wote. Nakumbuka sana. Siku ile ya kutangazwa bei tulishangilia mpaka sauti zikatukauka. Kilichofuata ni hadithi ndefu, nitaileta siku nyingine nikiwa na bando.

#22 Wa Kiambu

Habari zenu wazee wa TZ. Kiswahili changu mtanisamehe.

Mnaongea kama mkoloni alileta soko huria. Sisi Kenya alileta soko na akatuwekea ua. Babu yangu alikuwa Kiambu, amezungukwa na mashamba ya kahawa ya Wazungu, na yeye haruhusiwi kupanda hata mche mmoja. Walisema ni kwa sababu ya magonjwa ya mimea, na ati Waafrika wataiba kahawa ya settla na kuiuza kama yao. Meru, Embu na Kisii waliruhusiwa kwa majaribio miaka ya 1930. Kwetu tulingoja hadi miaka ya 1950. Na wakati huo kodi ya kibanda ni lazima ulipe kwa pesa taslimu. Pesa utapata wapi kama zao la pesa umekatazwa? Unaenda kuchuma kahawa ya settla.

Hiyo ni nini kati ya hizo mbili? Uingereza ya wakati huo ilikuwa inajiita mama wa biashara huria dunia nzima.

#23 Mtepe

Na wakati huohuo Wachagga wa Kilimanjaro wanalima kahawa na wana chama chao tangu 1925, ambacho kikaja kuwa KNCU mwaka 1933. Masetla wa upande wetu nao walitaka wazuiwe, wakashindwa. Mlima ni mmoja, mkoloni huyohuyo, sheria mbili. Ndiyo maana nasema tusitazame jina la mfumo, tutazame nani alikuwa na sauti kwa gavana.

#24 Nyumbu Mpole

Mlima ni mmoja na uko Tanzania. Wa Kiambu asisahau.

#25 Wa Kiambu

Nilijua tutafika hapo. Hata hatujagusa ugali.

#26 Binti Kisutu

Mimi nauza vitenge na kanga Kariakoo, sina digrii ya uchumi, ila naona wote mnazunguka mbuyu. Merkantilizimu ni ya mtu anayekua, uhuria ni wa mtu aliyekwisha kukua. Full stop... samahani, nukta.

Uingereza ilipiga marufuku vitambaa vya pamba vya India mwaka 1700 na tena 1721. Wakalea viwanda vyao mpaka vikawa vikubwa. Walipoona hakuna wa kushindana nao ndipo wakaanza kuhubiri milango ifunguliwe. Marekani vilevile, Alexander Hamilton mwaka 1791 alitaka viwanda vichanga vilindwe, na kwa karne nzima iliyofuata ushuru wao ulikuwa juu.

Tuje kwetu. Mwaka 2016 marais wa Afrika Mashariki walikubaliana mitumba ipunguzwe mpaka iishe kufikia 2019, viwanda vyetu vipate kupumua. Wauza mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, tukatishiwa kutolewa AGOA, ule mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru. Kenya ikaachia, Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda ilishikilia, na 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye ule msamaha wa ushuru. Hebu nielezeni hapo soko huria lilikuwa upande wa nani. Maana ule msamaha unaitwa fursa, na fursa yenyewe ina fimbo.

#27 Msomi wa Jioni

Dada, hoja yako ina nguvu lakini tarehe zake zinakusaliti kidogo. Zile sheria za 1700 na 1721 walizidai wafumaji wa sufu na hariri, ambao waliichukia pamba yoyote, hata ya nyumbani. Hakuna aliyekaa akapanga kulea viwanda vya pamba. Ilitokea tu. Na ile ya 1721 ilifutwa 1774, miaka miwili kabla ya kitabu cha Smith.

Pili, kulinda kiwanda kichanga kwa muda, kama alivyotaka Hamilton na baadaye mwanauchumi Mjerumani Friedrich List, si kitu kimoja na kurundika dhahabu. List alitaka ulinzi uishe kiwanda kikikomaa.

#28 Binti Kisutu

"Ilitokea tu." Mbona kwetu haitokeitokei hivyohivyo?

#29 Kahawa Tungu

Msomi leo kakaliwa kooni 😂

#30 Mwana Kivu

Jambo bandugu, mimi niko Bukavu. Mada imenikuta kazini lakini siwezi kupita.

Mnatafuta mfano wa soko huria kwenye karatasi? Njooni Kongo. Mkataba wa Berlin wa Februari 1885, kifungu cha kwanza: biashara ya mataifa yote itakuwa huru katika bonde la Kongo. Kifungu cha tano: hakuna dola itakayotoa ukiritimba wa biashara humo. Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, alipewa nchi yetu kwa ahadi hiyo. Wafanyabiashara wa Manchester na Hamburg walifurahi, walijua kila mtu ataingia.

Kufika 1891 Leopold alianza kuamuru mpira na pembe viwe mali ya dola lake. Ardhi yote "isiyo na mtu" ni ya dola, mpira uko kwenye ardhi hiyo, basi mwanakijiji akichuma mpira na kumuuzia mfanyabiashara mwingine ni mwizi. Kulikuwa hakuna haja ya kuandika neno ukiritimba. Yanayofuata mnayajua, mikono iliyokatwa.

Aliyegundua kwa hesabu ni karani mmoja wa kampuni ya meli, E. D. Morel. Akiwa Antwerp aliona meli zinashusha mpira na pembe za thamani kubwa, lakini zinazorudi Kongo zimebeba bunduki na risasi zaidi kuliko bidhaa za biashara. Akajua kuwa kule hakuna kununua. Mwaka 1908 Ubelgiji ilimnyang'anya Leopold koloni.

Kwa hiyo mimi kipimo changu si ushuru wala dhahabu. Angalia meli inayorudi imebeba nini.

#31 Baharia Mstaafu

Mwana Kivu, mwanangu, umesema maneno mazito. Hapa Mvita twaijua meli ya namna hiyo mapema zaidi. Mreno alipofika 1498 aliikuta bahari hii kila taifa lina jahazi lake, Mgujarati, Muarabu, Mswahili. Yeye akaleta cheti. Chombo kisicho na cheti cha Mreno baharini ni halali yake kukiteka. Kilwa waliivunja 1505, Mombasa wakaichoma mwaka huohuo, ngome yao hapa wakaianza 1593. Lengo lao lilikuwa dhahabu ya Sofala, huko Msumbiji, iende kwa mfalme wao peke yake.

Lakini tusijipake mafuta. Kilwa yenyewe ilikuwa ikitoza ushuru mkubwa juu ya dhahabu hiyohiyo ya Sofala. Walokuwa wakilipa wakanung'unika zamani, Mreno asijazaliwa.

#32 Lete Ushahidi

Baharia, cheti kile kilikuwa kinanunuliwa pia, na kilimlazimisha mwenye chombo apitie bandari za Mreno alipe ushuru. Kwa hiyo siyo kuteka tu, ilikuwa biashara ya ruhusa.

Na kwa Mwana Kivu, kuna kipande cha Berlin ambacho watu wengi wa huku hawakijui. Eneo lile la biashara huru halikuishia Kongo. Walilivuta hadi Bahari ya Hindi, Kenya, Uganda na Tanganyika zikamo ndani. Miaka ya 1930 Uingereza ikaingiwa hofu na vitambaa vya bei rahisi vya Japani, na mwaka 1934 ikaweka kikomo cha kiasi cha vitambaa hivyo kinachoruhusiwa kuingia kwenye makoloni yake. Afrika Mashariki ikashindikana. Mkataba unakataza kumbagua Mjapani. Mfumaji wa Lancashire, Uingereza, akapigwa na kifungu ambacho serikali yake ilikisaini.

#33 Binti Kisutu

Subiri kidogo! Ndiyo maana bibi yangu alikuwa akizungumzia kanga za Japani kama dhahabu? Nilidhani ni uzee. Ana moja bado, rangi haijachuja.

Lete Ushahidi, leo umenilipa bando langu lote la mwezi.

#34 Mwana Kivu

Kwa hiyo mkataba uleule sisi ulituletea risasi, nyinyi ukawaletea kanga.

#35 Nyumbu Mpole

Hapa sina utani.

#36 Mtu wa Geita

Nimechelewa, naomba kurudisha mada kwenye dhahabu maana ndiyo kazi yangu. Msomi #7 alisema kurundika dhahabu ni fikra za karne ya 17. Tangu Oktoba 2024 wenye leseni za uchimbaji na wafanyabiashara wa dhahabu tunatakiwa kutenga angalau asilimia 20 isafishwe na kuuzwa humuhumu nchini, na BoT, yaani Benki Kuu, ananunua. Je, tumerudi kwa Thomas Mun?

#37 Msomi wa Jioni

Hapana. Mun aliiona dhahabu kuwa ndiyo utajiri. Benki kuu inaiweka kama akiba ya kulinda shilingi dola zikiadimika. Na unalipwa bei ya soko.

#38 Mtu wa Geita

Mkuu, unalipwa bei ya soko kwa kitu ambacho umelazimishwa kumuuzia mtu mmoja. Mzee wa Newala njoo useme neno.

#39 Mzee wa Newala

Mimi nasema wakulipe mapema tu.

#40 Lete Ushahidi

Kwa faida ya wanaomsujudia Smith: mwaka 1778 aliteuliwa kamishna wa forodha wa Scotland. Mtu aliyeandika kurasa mamia kushambulia vizuizi vya biashara akaishia kuvisimamia, na mshahara mzuri. Mwaka 1780 alimwandikia rafiki yake kwamba aliposoma orodha ya bidhaa zilizopigwa marufuku alikuta karibu tai zake zote na leso zake ni za magendo. Akazichoma moto ili awe mfano.

Na kwenye kitabu chenyewe alizisifia zile sheria za meli za 1651, kwamba ulinzi wa nchi unatangulia utajiri. Kwa hiyo Mtepe, mwalimu wa mwanafunzi wako wa Unguja naye alikuwa na kifungu chake cha Mrima.

#41 Mtepe

Ndiyo hoja yangu hiyo sasa! Hakuna aliyewahi kuwa huria kamili, kwa hiyo Said apimwe na waliokuwapo, na akipimwa nao anawashinda.

#42 Karafuu Kavu

Kachoma leso! Mjomba angemuuzia nyengine usiku uleule.

#43 Wa Kiambu

Tukiwa hapo kwa vizuizi, mnisaidie. Julai 2025 serikali yenu ilitoa orodha ya biashara 15 ambazo mgeni haruhusiwi kufanya, hadi saluni na kutengeneza simu. Na sisi ni jumuiya moja yenye soko la pamoja. Hiyo mtaiita nini?

#44 Nyumbu Mpole

Tunaita kulea kinyozi mchanga.

#45 Binti Kisutu

Wa Kiambu, usije Kariakoo ukauliza hivyo kwa sauti. Wenye fremu walishalia sana na wageni wanaouza rejareja bei ya jumla. Ila na mimi najiuliza: mteja wangu aliyekuwa ananunua kwa bei ndogo ameulizwa?

#46 Msomi wa Jioni

Hapo dada umesema alichosema Smith, kwamba mlaji ndiye mwisho wa uzalishaji wote, na mfumo wa kimerkantili karibu kila mara unamtoa kafara mlaji kwa ajili ya mzalishaji.

#47 Binti Kisutu

Usinivute upande wako. Mimi ni mlaji nikiwa nyumbani, dukani mimi ni mwenye fremu.

#48 Ughaibuni Maskati

Nirudi kwa Jairam kidogo, kuna kitu kinanisumbua tangu jana. Mtu anaweza kudhani kukodisha ushuru ni mambo ya kale. Nilipokuwa likizo nyumbani, ushuru wa stendi na wa soko la samaki ulikuwa unakusanywa na mzabuni. Anailipa halmashauri kiasi fulani, kinachozidi chake. Vijana wake wana stakabadhi na filimbi. Hiyo mtaiweka kwenye kabati lipi, la 1664 au la 1776?

#49 Kahawa Tungu

Sehemu nyingi sasa ni mashine za POS, wazabuni wamepungua.

#50 Ughaibuni Maskati

Mashine anashika nani?

#51 Lete Ushahidi

Hili linataka uzi wake. Ughaibuni fungua, taja mwaka na aina ya soko, usitaje halmashauri. Ya Japani nitafungua mimi. Binti Kisutu ukipata nafasi piga picha ile kanga ya bibi, pindo na jina vionekane.